Naambiwa Niliacha Pasi

Jumanne, 2 Julai
Jiko, nimegusa, la baridi. Birika, nimechomoa. Nimefunga mlango, nimefungua, nimegusa jiko tena. Ndivyo ninavyotoka nyumbani siku hizi, tangu mume wangu Deo aseme amenikuta mara mbili nimeacha jiko linawaka. Nimefika Kimwani kwa kaka jioni, nimechoka. Binti yake Asimwe anaolewa Jumamosi, na mimi shangazi yake ndiye wa kumfunda. Nitalala naye chumba kimoja.

Jumatano, 3 Julai
Pasi. Nimeikumbuka alfajiri, moyo ukaruka. Nilinyoosha vitenge kabla ya kuondoka. Niliichomoa? Sikumbuki. Nikampigia Deo, akaenda kuangalia. Kasema kaikuta inawaka, meza imeungua. "Ungetuchomea nyumba, Mama Koku. Ukitoka huko nenda Rubafu kwa mama ukapumzike. Nyumba nitabaki nayo mimi." Nimekubali. Ningepinga nini? Nimelia nyuma ya migomba ili bibi harusi asinione.

Alhamisi, 4 Julai
Nimemfunda Asimwe. Mumeo akikuambia jambo, mwamini. Naona aibu kufundisha habari za nyumba, mimi ambaye nyumba imenishinda.

Ijumaa, 5 Julai
Wifi alikuwa akihangaika na pasi ya mkaa anyooshe gauni la Asimwe. Nikafungua begi nimpe kitenge cha kutandika mezani. Chini kabisa, ndani ya kanga, pasi yangu. Niliifungasha mwenyewe, nikijua huku kuna ya mkaa tu. Hofu ikanisahaulisha.

Tuna pasi moja tu.

Nimempigia Deo, nikamuuliza kwa upole pasi kaiweka wapi. Juu ya kabati, akasema, wala hakusita.

Mwongo. Na lile jiko je? Miezi yote hii najiona narukwa na akili, ndugu zake wananionea huruma, kumbe mtu ninayelala naye ananitengenezea ugonjwa anitoe nyumbani. Sijawahi kuumizwa hivi. Sikula.

Jumamosi, 6 Julai
Harusi imependeza. Kabla hajatoka nilimvuta Asimwe pembeni, nikasahihisha somo la Alhamisi. Ukiambiwa umekosea, nenda kaangalie mwenyewe kwanza. Alicheka, alidhani namtania.

Jumapili, 7 Julai
Niko nyumbani Rwamishenye. Meza haina hata doa. Deo aliiona pasi mkononi mwangu, akachukua ufunguo wa pikipiki akatoka. Sikumuuliza aendako.

Mama mkwe kapiga simu kuuliza mbona sijafika Rubafu, na kichwa kinaendeleaje. Nimemwambia kichwa ni kizima. Akasema basi ni hasara, maana Deo alishaninunulia kitanda akakipeleka kule tangu mwezi uliopita, na godoro jipya.

Nimemwambia akilalie yeye.