Baridi Iliyoamsha Jeni

Mtaa wa Durazno,
Montevideo.
21 Agosti 2019

Mpendwa dada Mirta,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hali yako? Kidonda cha upasuaji kimefunga? Unakula lakini? Sisi tu wazima, ila mimi nina hasira, na sehemu yake inakuhusu. Simu zangu hupokei, basi utasoma.

Nimesikia umeahirisha tiba ya mionzi, eti kwa sababu ya utafiti wangu. Nilipigwa na butwaa! Ni Mama huyo. Nilimwambia mezani kwamba tumezipiga mionzi seli za saratani ya matiti, na katika zilizobaki hai kuna jeni moja, ya kuzisaidia zisife, inayofanya kazi maradufu. Akakimbilia simu kukwambia mionzi inaipa saratani nguvu. Nilipomgombeza akaja juu, "Si wewe mtaalamu? Mimi nimefikisha tu!"

Sasa nisikilize. Maabara yetu haina mashine ya mionzi. Tunabeba seli hadi hospitali ng'ambo ya barabara, wagonjwa wakishamaliza. Yanapaswa kwenda masanduku mawili: moja lipigwe mionzi, jingine lisipigwe, la kulinganishia, lakini lipite njia ileile. Wiki iliyopita ndipo nikagundua kuwa Wilmar, mwenzangu wa maabara, hilo la pili alikuwa akiliacha maabara, kwenye kabati la joto la kukuzia seli. Themosi kwapani, kibuyu cha chai yetu ya yerba mkononi. Mkono uliobaki ulitosha sanduku moja. Si unatujua.

"Wilmar, umeniua!"

"Sasa kibuyu ningekibeba kwa meno? Halafu lile halipigwi chochote, liende kutalii?"

Kazi ya miezi, dada! Nilitamani kumrushia hiyo themosi. Nikaenda kulia chooni, sikufichi.

Nikabeba mwenyewe masanduku yote mawili, nikarudia na kurudia. Majibu yametoka leo. Jeni ile imezidisha kazi sawasawa kote, kwenye seli zilizopigwa mionzi na zisizopigwa. Ni baridi ya barabarani iliyoiamsha. Mionzi imesingiziwa.

Na hata ingekuwa kweli, seli za kwenye chupa si mwili wako. Ya mwili wako muulize daktari wako, si Mama, wala si mimi. Inaniudhi kwamba hukuniuliza hata mimi, ukakaa na hofu peke yako huko Valencia.

Nisalimie shemeji Fermín na mwanangu Abril. Mama anakusalimu, nimemkataza kuongeza neno. Mungu akutie nguvu na kila ukilala akuamshe mzima.

Makala niliyokuwa naiandika imekufa, na nimeiombolezea vya kutosha. Wewe sitaki kukuombolezea. Kesho asubuhi nenda hospitali.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Nibia