Mkono wa Ekseli Uliokatika Mteremkoni Rhotia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimenyamazia jambo zito. Mume wangu Clemensi ana lori kuukuu la kubebea mahindi na maharage, springi za nyuma zilikatika na tangu vita vya Kagera vipuri havionekani hata Arusha, basi kaka yangu wa tumbo moja, Tluway, fundi wa hapa Rhotia, akamfungia koili springi, zile za kujiviringa, na kumuundia mikono ya chuma ya kuishika ekseli isiende upande, na siku anamkabidhi mimi nilikuwa nawamiminia chai, nikamsikia akisema, "Shemeji, hiki chuma ni cha muda. Tembea nalo tupu, usipakie watu mpaka nipate kizito." Clemensi akaitikia, ila siku ya mnada akapakia magunia na watu juu yake, mteremkoni mkono mmoja ukakatika, ekseli ikapinda upande, lori likalala ubavu. Jirani yetu Naftali alikatwa mguu.

Mbele ya wazee Clemensi alisema fundi ndiye aliyemharibia gari na hakumwonya chochote. Tluway alikana, hawakumwamini, sasa hapati kazi na mke wa Naftali humtemea mate njiani. Mimi nilikuwepo, nikatazama chini. Clemensi amesema nikifungua mdomo nitarudi kwetu bila watoto, na huko kwetu mama haitikii tena salamu yangu kwa kuwa sikumtetea kaka. Sasa mkono umechomelewa palepale ulipokatika, anataka kubeba watu tena. Nifanyeje?

Hyasinta, Rhotia

Hyasinta, pole. Kukaa kati ya mume na kaka ni kukalia miiba. Lakini usijidanganye kwamba unalinda ndoa. Unamlinda Clemensi, na Tluway umemzika angali anapumua.

Vitisho vya watoto visikufunge mdomo. Mume haamui peke yake. Mkifikia kuachana, mahakama ndiyo itakayoamua. Kesho asubuhi nenda kwa kaka yako, mwombe radhi, kisha mwende pamoja kwa mwenyekiti wa kijiji. Rudia maneno uliyoyasikia, usipunguze hata moja, na utake lori lizuiwe. Ukitoka hapo nenda kwa Naftali, ukamwambie ana kwa ana.

Usitegemee shukrani. Mumeo huenda akakufukuza, mama yako huenda asikupokee. Sema hivyohivyo. Watu watakaopanda lori hilo hawajui alichosema fundi. Wewe unajua.