Niliozwa Msikitini Nikiwa Uwanjani Nacheza Fainali

Mpendwa Mama Daba, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke kwanza, maana kila ninayemweleza jambo hili huanza kwa kucheka, halafu akiuona uso wangu ndio anafunga mdomo.

Mimi ni binti wa Medina, hapa hapa Dakar, nina miaka ishirini na sita na kazi yangu ni mpira wa kikapu, na ninaposema kazi nina maana ya kazi kweli, nina mkataba na timu ya Hungaria, huu unaokuja ni msimu wangu wa tano, nacheza senta, nalala na barafu kwenye magoti na naamka na barafu, na urefu wangu sitaki kuutaja kwa sababu nikiutaja tu wasomaji wako wote watanijua, itoshe kusema kwamba milango yote ya mtaa wetu naiingia kwa kuinama.

Mwezi uliopita niliitwa timu ya taifa kwa mashindano yaliyofanyika hapa nyumbani, na kocha wetu ana sheria moja asiyomlegezea mtu, ukiingia kambini simu unaizima unampa meneja, na huioni tena mpaka mechi ya mwisho iishe, anasema simu zilitupotezea kombe la mwaka ule. Sisi tumeshazoea, na watu wetu wa nyumbani pia. Alhamisi kabla ya fainali baba alikuja getini kuniletea siagi ya karite ya kupaka magoti, baba ni fundi cherehani, na tangu nikiwa na miaka kumi na miwili yeye ndiye hunishonea kila kitu kwa sababu dukani hakuna kinachonitosha, na wakati shangazi Ndella alipokuwa anazificha kaptula zangu akisema natembea uchi mbele za watu, ni baba aliyenishonea nyingine akaniletea mwenyewe uwanjani. Basi siku hiyo akamuuliza mlinzi, "Hivi hata baba mzazi hawezi kumpigia binti yake?" Mlinzi akamjibu, "Hata rais, mzee wangu," tukacheka sote watatu, halafu baba akatoa futi yake mfukoni akanipima mabega na kiuno hapo hapo getini, akasema nimepungua, nikadhani ananishonea nguo ya kusherehekea kombe, akasimama kidogo, akaniombea dua, akaondoka.

Fainali ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Kiti cha baba ni kile kile siku zote, nyuma ya benchi letu, na siku hiyo kilikuwa kitupu, nikasema labda foleni, robo ya pili kitupu, robo ya tatu kitupu, nikaanza kukosa mitupo ya bure kama mtoto wa shule kwa sababu kichwani nilishaona baba ameanguka, ameugua, amepelekwa hospitali, na mwenzangu Yandé akanivuta jezi akaniambia, "Dada, baba yako ni mzima, ribaundi ndizo zinakufa hapa!" Tukashinda kwa kikapu kimoja.

Mama Daba, tulipofika chumba cha kubadilishia nguo tukarudishiwa simu, na yangu ikalia mpaka ikapata moto, hongera, hongera dada, Mungu amekubariki, hatimaye umetutoa aibu, na mimi kwa furaha nikawa namjibu kila mtu, "Amina! Mwakani tena inshallah!" Binamu zangu, mashemeji, mpaka mke wa imamu, wote niliwaandikia mwakani tena. Ndipo Yandé akaniuliza, "Huyu imamu kwenye video hii anataja jina la nani?" Nikatazama. Ni msikiti wa mtaani kwetu, baada ya sala ya alasiri, wanaume wamekaa, kokwa za kola za harusi zinagawiwa, baba yumo na kanzu nyeupe, na imamu anataja jina langu kamili, na jina la baba yangu, na jina la mwanamume wa Kaolack anayeitwa Birane ambaye sijawahi kumtia machoni. Nimeolewa. Nilikuwa nimevaa jezi, nina plasta puani, na nimeolewa.

Nilikwenda nyumbani na viatu vya mpira. Shangazi alikuwa uani anagawa wali kwa samaki kwa majirani kama sikukuu.

"Nilikutumia ujumbe wa sauti mara tatu tangu Jumatatu ile," akaniambia. "Nikakwambia kama humtaki useme kabla ya Jumamosi. Ulisema?"

"Shangazi, simu ilikuwa kwa meneja!"

"Mimi habari za meneja sizijui. Binti akiulizwa akanyamaza, amekubali. Hivyo ndivyo nilivyoolewa mimi, hivyo ndivyo alivyoolewa mama yako, Mungu amrehemu."

"Na kama ningesema hapana?"

"Si hukusema! Tena umenijibu amina. Kelele za nini? Sentimita zote hizo unadhani kuna foleni ya wanaume? Mtu mzima na duka lake la vitambaa amekubali kupanda kiti ili amtazame mkewe usoni, na bado unaringa!"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Nikamtazama baba anitetee kama siku zote. Alikuwa amekaa na tasbihi yake, hakuinua macho, akasema tu, "Ulipewa nafasi, mwanangu." Na juu ya kitanda changu palikuwa na gauni jeupe la kitambaa cha bazini, limetariziwa shingoni, nikalipima mwilini, limenikaa sawasawa.

Nilichukua begi nikatoka, na tangu siku hiyo nalala kwa kina Yandé huko Rufisque. Huyo Birane alinipigia, sauti yake ya upole, akasema, "Kombe umeshachukua, mpira umetosha sasa, mama yangu anakusubiri kwa hamu," nikamjibu nimechoka, nikakata. Simchukii, simjui tu. Alhamisi ya wiki ijayo wanawake wa ukoo wananipeleka Kaolack, na ndege yangu ya kurudi kwenye timu ni Jumatano usiku, na pasipoti yangu iko kwenye sanduku la shangazi kwa sababu yeye ndiye hunitunzia vitu. Nisipofika kambini huko Hungaria mkataba unavunjwa, na kwa umri wangu na magoti yangu hakuna atakayenipa mwingine. Nikienda, baba atapitaje mbele ya ule msikiti? Shangazi ndiye aliyeniangamiza, baba amedanganywa tu kwamba niliulizwa, najua hivyo. Nifanye nini, Mama Daba? Siwezi kumuaibisha mtu aliyenishonea kaptula.

Senta wa Medina

MAMA DABA ANAJIBU

Senta wangu, sikucheka. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama jikoni, mara ya pili nimekaa chini, na wali ukaungua mpaka majirani wakagonga mlango. Miaka yote ya kusoma mambo ya watu, nilidhani nimeshamaliza kushtuka. Pole sana, mwanangu. Na hongera ya kombe, hiyo angalau uipokee bila hofu.

Sasa nisikilize, na usinikatize.

Kwanza huo ukimya wako. Ndiyo, wazee wetu hukubali kwamba binti akinyamaza ameridhia. Lakini wanamsema binti aliyeulizwa, akasikia, akainamisha uso kwa haya. Wewe hukusikia. Simu iliyozimwa kwenye mfuko wa meneja haina haya, na haiwezi kukubali mume kwa niaba ya mtu. Nimemuuliza imamu mmoja ninayemheshimu, bila kukutaja, na kabla sijamaliza sentensi alishasema mwanamke asiyeridhia aje aseme, asikilizwe. Kwa hiyo mlango upo. Wewe ndiye hujaugonga.

Na hapo nitakugombeza. Umenieleza mimi, umemweleza Yandé na watu wa kwao, na kesho wasomaji wa gazeti zima watajua hutaki. Birane, mtoto wa watu, alipokupigia ukamwambia umechoka. Umechoka! Yeye naye ameambiwa umekubali kwa moyo wako, sasa hivi anapaka rangi chumba huko Kaolack na mama yake anawaita mashoga zake. Uwanjani unawasukuma wanawake wenye mabega kama kabati, nyumbani neno moja linakukwama. Mara ya kwanza hukujua unaulizwa. Sasa unajua, na kila siku unayojificha Rufisque wanaihesabu kuwa ndiyo.

Lililonifanya nikae chini ni jingine, na nimejiuliza sana kama nikwambie. Unasema baba amedanganywa. Hebu soma barua yako mwenyewe. Nani alisimama getini akasikia kwa masikio yake kwamba hata rais hawezi kukupigia? Alipokuja Alhamisi ile ujumbe wa shangazi ulikuwa unakusubiri kwenye simu usiyoweza kuifungua, na yeye alijua huwezi. Mtu aliyepata muda wa kukupima mabega na kiuno alikosa muda wa kukuuliza swali moja? Gauni la bazini la kimo chako, lenye tarizi shingoni, halishonwi Jumamosi asubuhi. Shangazi yako ana mdomo mrefu, lakini hakufanya peke yake. Baba yako hakukuuliza kwa sababu anakujua, na alijua jibu.

Lia kwanza, kisha uendelee kusoma.

Sisemi hakupendi. Namwona kabisa huyo mzee: mke amefariki, macho ya sindano yanapungua, kila ngente, ile sherehe ya kumpa jina mtoto wa jirani, anaulizwa binti yako je, na wewe kila mwaka unaondoka na magoti yaliyovimba. Aliogopa kufa akuache peke yako. Ni hofu ya mzazi, na ni dhuluma vilevile, na wewe una ruhusa ya kumhurumia na kumkasirikia kwa pamoja. Usimwachie shangazi lawama zote ili baba abaki msafi. Ukifanya hivyo utampenda mtu ambaye hayupo, na aliyepo hutamwambia kitu.

Fanya hivi. Leo, si kesho, nenda nyumbani mchana shangazi akiwa sokoni, na uende na Yandé. Chukua pasipoti yako kwanza, uivae shingoni ndani ya nguo, usiiweke kwenye begi. Halafu mpigie Birane, mwite kaka yangu kwa heshima, mwambie hukuulizwa, hukuridhia, na kila kilicholetwa kitarudishwa kupitia imamu. Muombe radhi kwa ule uchovu wako. Mwanamume mwenye akili ataumia na atashukuru, na kama hana akili basi umejua mapema.

Kisha mtangulie baba msikitini kabla ya alasiri, kaa na imamu, na baba akifika useme mbele yao wote wawili kwa sauti unayoitumia kuomba pasi: sikuridhia. Usieleze mambo ya mkataba, usieleze kimo cha mtu wala umri wa magoti yako, maana kila sababu utakayotoa watakutafutia dawa yake. Neno hilo linatosha. Shangazi akija na kelele zake, mwamkie vizuri na umwache amalize.

Kuhusu aibu ya baba, ipo, sitakudanganya. Watu watasema, watu wa Medina tena, hawana kazi. Lakini aibu hiyo aliishona mwenyewe, na wewe huwezi kuivaa maisha yako yote huko Kaolack kwa sababu tu imekutosha mabegani. Rudini nyumbani pamoja, wewe na yeye, kwa miguu, mtaa mzima uwaone. Mkifika, muulize swali ambalo yeye alishindwa kukuuliza wewe: "Baba, unaogopa nini?" Na unyamaze usikie.

Akilia, kaa naye mpaka amalize. Halafu uende Hungaria.