Gambuti za Mlangoni

Mama Kerubo, mke wangu,

Nakusalimu, bwakire buya. Sijui barua hii itakukuta shambani au ukikamua, lakini popote ulipo, kaa chini kwanza. Mgongo unaendeleaje? Kerubo ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba, nacho kimeumia kwa sababu yako. Naandika kwa kuwa kwenye simu ningefoka.

Tulipotia nanga Mombasa nilipata mtandao, picha yako ikaingia. Ulitaka nimwone ndama. Nilimwona, mzuri. Lakini nyuma yake, mlangoni pangu, niliona gambuti za mwanaume, kubwa, zimejaa matope, zimetulia kama wenye nyumba. Mimi zangu ninazo huku miguuni! Nikamkumbuka yule jirani anayekuchekea sana soko la Magwagwa. Yule ana miguu mikubwa.

Tukarudi baharini moyo ukinichoma. Kazi yangu ni kutia chambo. Kamba ni ndefu hata mwisho huuoni, na ndoana zake zinafuatana kuingia majini meli ikienda, haingoji mtu. Mikono ilikuwa kwenye ndoana, akili iko nyumbani Nyamira. Moja ikanidaka kidole. Mwenzangu Bakari akakata uzi wa ndoana hiyo kwa kisu kabla sijavutwa majini.

"Wewe Nyakundi, unawaza nini?"

"Nawaza miguu ya mtu."

Akadhani nimechanganyikiwa. Nahodha naye akauliza kama nitabaki msimu mwingine, nikamjibu kwa hasira kwamba nabaki. Nirudi nyumbani kufanya nini?

Jana tumefika bandarini, nikampigia dada yangu Moraa. Nikamwambia anitajie jina la huyo mwanaume. Alicheka mpaka nikataka kukata simu.

"Jina? Ni wewe huyo! Mkeo alizinunua soko la Keroka. Kila jioni anaziweka mlangoni, wezi wa ng'ombe wajue mwanaume yuko ndani. Hata matope anapaka mwenyewe."

Halafu, Mungu anisamehe, wivu ukazidi. Yaani viatu vitupu ndivyo vinakulinda, na mimi mwenye miguu nahangaika na jodari wa watu!

Leo asubuhi nimemwambia nahodha sibaki.

Msalimie mama yangu, mwambie ugoro wake nimeukumbuka. Msalimie Moraa aliyenicheka, na umbusu Kerubo wetu. Na siku nitakayofika, usihangaike kupaka gambuti matope. Nitayaleta mwenyewe, miguuni.

Mwanaume wa mlango huo,
Nyakundi