Tuta la mchicha la baba

Kimamba, Jumanne usiku

Nimemkasirikia mama bure leo, kisa mchicha wa marehemu baba, unaozidi kuwa njano.

Masika yote haya, udongo uko chepechepe, na yeye bado anamwagilia. Nilimkuta na ndoo. Nikamwamkia harakaharaka, nikaanza kumweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu: samadi ikioza inatoa amonia, bakteria wa udongoni wanaigeuza kuwa nitrati, na hiyo ndiyo mchicha unakula. Ila bakteria hao wanahitaji hewa. Maji yakijaa udongoni kazi yao inasimama, mchicha unabaki na njaa.

"Baba yako alikuwa anamwagilia asubuhi na jioni," akasema.

"Kilikuwa kiangazi, mama. Sasa hivi uache kabisa. Udongo ukipata hewa, utaona mchicha utakavyorudi kuwa kijani."

Akaitua ndoo. Akaliangalia tuta muda mrefu, mpaka nikaona aibu kwa sauti niliyotumia.

"Haya, mwanangu. Sasa ikifika jioni niwe natoka nje kufanya nini?"

 

Nikaichukua ndoo, nikaenda bombani kumjazia.