Gitaa la Pili la Kobe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimempa Flashi ukweli wake. Flashi ndiye anayetunakilia nyimbo mtaani, kibanda chake kiko ubavuni mwa kinyozi. Nimemwambia: umenipa Albamu ya Kijani iliyoliwa na panya! Gitaa la pili halimo. Lote! Kobe anaimba, gitaa la kwanza linamjibu, halafu pale la pili linapoingia kuwachokoza — kimya. Kama mgeni aliyealikwa asije.

Flashi kacheka. Ati faili ni lilelile alilowapa watu wote na hakuna aliyelalamika. Nikamwambia watu wote hawana masikio, wana vishikio vya vikombe. Wateja wa kinyozi hoi! Kanakili upya, kwa aibu.

Na niliandike kabisa: Kijani ndiyo albamu bora ya Kobe na bendi yake. Nyekundu ni kelele tupu. Ile yenye picha ya mlango waliirekodi wakiwa wamenuniana, unasikia kabisa kila mtu anapiga akitazama ukuta wake. Anayebisha akapimwe kichwa.

Jumanne, 4 Machi

Nakala mpya. Halimo vilevile. Flashi mwizi.

Nikaweka Bibi Kikohozi nipoze hasira. Huyu mama hukohoa kidogo kabla ya kila wimbo, ndiyo sahihi yake. Albamu mbili za kwanza ni dhahabu. Ya tatu takataka — kapona.

Nimesikiliza zote mbili za dhahabu. Sijasikia kitu moyoni. Kama natafuna karatasi.

Alhamisi, 6 Machi

Habari! Fundi miksa wa Mjomba kaacha kazi. Mjomba — kaka yake mama, mwenye spika za kukodisha — kasema harusi ya Jumamosi ya wiki ijayo nikae mimi kwenye miksa, nipange sauti. Mimi! Niliyeacha shule kidato cha pili nije kubeba spika, mama akalia kana kwamba nimefariki. Haya, nani mjinga sasa?

Sharti ni lilelile lake. Kabla wageni hawajaingia, fundi anasimama katikati ya ukumbi, anafumba macho. Mjomba anapiga wimbo, fundi anataja kila chombo kimesimama wapi. Besi katikati, tarumbeta kulia, namna hiyo. Ukikosea, unarudi kubeba. Mjomba husema miksa haiendeshwi kwa sikio moja.

Dada kauliza mbona sirukiruki. Nikamwambia wakubwa hawaruki. Kusema kweli furaha ilikuwepo, ila mbali. Kama redio ya jirani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeazima eafoni za Dada, labda zangu ndizo mbovu. Gitaa la pili halimo. Nikazigeuza, ya kulia nikaiweka kushoto — lo! Hilo hapo! Linaringa kama kawaida yake. Nikapiga ukelele. Halafu nikagundua gitaa la kwanza limetoroka.

Nikageuza tena. Na tena. Nikachukua moja peke yake. Sikio la kulia: linasikia. La kushoto: hakuna. Nikachukua nyingine. Kulia: sawa. Kushoto: hakuna.

Eafoni nzima. Faili zima. Flashi si mwizi.

Nilidhani nitalia. Nikala mkate. Haukuwa mtamu wala mbaya.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Dada tu. Kasuka vichwa vya watu tangu asubuhi, vidole vinamuuma, lakini kanilaza mapajani kanimiminia mafuta vuguvugu sikioni. "Ni nta hiyo! Majigambo yamejaa kichwani, lazima yazibe mahali." Tumecheka sana. Mafuta yametoka. Nta hakuna.

Kasema mwambie Mjomba. Nikasema baada ya harusi. Kasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Halafu akajiziba mdomo.

Nikamwambia usijali. Na kweli methali yake haikuniuma. Ilipita tu.

Jumatano, 12 Machi

Dada kanikokota mpaka kwa daktari wa masikio. Kachungulia na kitochi. Kauliza kazi yangu. Spika, nikamwambia. Kauliza zikipigwa huwa nasimama wapi. Mimi bila kufikiri nikajisifu: mbele kabisa, sikio la kushoto nimelilaza kwenye spika kubwa yenyewe, wenzangu hawathubutu!

Kaandika.

Kasema sikio langu ni safi kabisa. Nikamshukuru. Kasema hiyo si sifa, kijana — lingekuwa chafu angelisafisha. Nirudi nipimwe kwa mashine. Na spika nikae nazo mbali, la sivyo la kulia nalo litafuata.

Dada kalia njia nzima. Mimi nilikuwa natazama viatu vyake. Kimoja kimeisha upande.

Alhamisi, 13 Machi

Nina mpango! Nyimbo anazotumia Mjomba kujaribu watu nazijua zote. Nisikie za nini? Kijani: gitaa la kwanza kulia, la pili kushoto, tarumbeta kulia kwa nyuma kama imefukuzwa. Bibi Kikohozi: kikohozi katikati, kinanda kushoto. Nimejipima chumbani bila muziki wowote, sijakosea hata kimoja. Mtaje mwingine anayeweza hivyo. Hayupo!

Dada kanitazama. "Na mshereheshaji akishika maiki, naye umemkariri?"

Nikaanza kutaja upya: besi katikati.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi mtupu, viti vimevishwa vitambaa vyeupe. Nikasimama katikati. Nikafumba macho. Mjomba kapiga — Kijani! Wimbo wa kwanza! Bahati iliyoje. Nikaanza: besi katikati, Kobe katikati, gitaa la kwanza kulia. Wimbo ukafika pale la pili linapoingia. Nikatabasamu, nikainua kidole. Na huyu hapa wa pili, kushoto, anachokoza! Nikamfuata kwa kidole anavyopanda, anavyoshuka, mpaka mwisho.

 Nikangoja makofi ya wabebaji.

Nikafumbua macho. Mjomba kasimama kando ya spika ya kushoto. Waya wa spika hiyo unaning'inia mkononi mwake. Haukuwa umechomekwa tangu mwanzo.

"Wiki nzima nakuita, mpwa wangu," kasema. "Nikikuita kutoka upande huu hugeuki."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza, ningemjibu. Kanishika bega, kasema nikakae nyuma kwenye makasha ya spika, akishaweka mambo sawa atakuja. Miksa kaishika mwenyewe. Mbebaji mmoja ambaye kila siku ananiita Profesa leo kanipisha njia bila kuniita kitu.

Sasa niko hapa juu ya kasha. Maharusi wameingia. Besi inapanda kwenye mbao mpaka matakoni, hiyo naipata vizuri tu. Na Mjomba hana ladha jamani! Kaanza na albamu ya mlango. Harusini! Bendi ya watu walionuniana, ndiyo unawapigia watu wanaooana! Ningekuwa mimi ningeanza na Bibi Kikohozi, albamu ya pili, wimbo wa nne, tarumbeta ningeishusha kidogo wazee wasishtuke.

Ningekuwa mimi.

Najaribu kufikiria Jumatatu nitaamka kama nani. Haiji picha yoyote. Nimejifinya mkono. Unauma, lakini kama wa mtu mwingine.

Kumbe Mjomba yuko hapa. Kakaa kasha la pembeni, kushoto kwangu, sijui tangu lini. Anaongea. Kiganja chake kiko gotini kwangu, midomo inakwenda polepole, kama mtu anayefikia mwisho wa jambo refu. Macho yake mekundu. Sijamwambia aanze upya. Naitikia kwa kichwa tu. Naandika, naitikia, ananiuliza kitu sasa, kanyamaza, anangoja —