Mistari Uliyoifuta

Kasingirima, Kigoma
9 Juni 2015

Mpwa wangu Ikram,

Marahaba. Huku hatujambo. Migebuka, samaki wa ziwani kwetu, imejaa sokoni, na mama yako mdogo Shadya anakukaushia ya kukutumia.

Ile mistari ya zamani ya programu uliyoiondoa kwenye kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta za kuandikishia wakimbizi, matokeo yake nimeyaona. Nilivyokuelewa, ilisafisha tena kumbukumbu ya kompyuta ambayo mistari mipya ilikwisha kuisafisha, ikafuta na majina yaliyoingizwa punde. Najua ulisita, kwa kuwa aliyeiandika ni mwalimu wako. “Mjomba, nitaifutaje kazi ya marehemu mwalimu wangu?” uliniuliza.

Jana Esther, mama Mrundi, aliandikishwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza jina la mwanawe lilitoweka, na basi la kambini halimchukui asiye kwenye orodha.

“Gervasi, miaka miwili,” karani akasoma.

“Ego, ndiyo, huyo ndiye! Si niliwaambia, jamani?”

Wakapanda wote wawili.

Wiki iliyopita niliandika gazetini kwamba mtoto huyo hayumo kwenye orodha. Ilikuwa kweli. Sikuandika kwamba alikuwa mgongoni mwa mama yake. Asante, mwanangu. Leo nimeiandika habari hiyo upya.

Mjomba wako,
Abdulkarimu